Barabara ya Uani kwa Mwamvita

Temeke nzima hakuna mtu aliyekuwa na maoni mengi juu ya maendeleo kama Mwamvita binti Mfaume, wala hakuna ambaye maoni yake yaliulizwa mara chache kama yeye. Hilo halikumzuia. Asubuhi akishaepua vitumbua vya mwisho, alihamia barazani mbele ya nyumba yake, akakunja mguu mmoja, sinia kando, na kila aliyepita kwenda sokoni alinunua kitumbua na kupewa maoni bure.

Miaka ile, vita vya Hitla vimekwisha, mji wa Dar es Salaam ulikuwa unaumuka kama unga uliozidishiwa hamira. Kila treni ya bara ilishusha watu wanaotafuta kazi, na kila mtu aliyeshuka alitaka pa kulala. Serikali ikaanza kujenga kota huko Temeke, nyumba za saruji zilizopangwa mistari mistari, zote sura moja kama mapacha. Mwamvita alikwenda kuzitazama kabla hata hazijaezekwa.

"Nyumba hazina baraza," alitangaza aliporudi. "Mtu akitaka kuona watu akakae wapi? Juani? Na zote zimetazama upande mmoja, utadhani wagonjwa wanaongoja sindano."

Aliyezoea kubishana naye alikuwa mpangaji wake, Audax, kijana wa Kihaya kutoka Bukoba, karani kwenye ghala moja la bandarini. Audax alikuwa na shati jeupe la kila siku, baiskeli yenye taa, na imani kubwa na kila kitu kilichonyooka. Yeye na mkewe Felicitas walikaa katika chumba cha mkono wa kulia, na jina lake lilikuwa limekwishaandikishwa kwa ajili ya kota.

"Lakini mama, kota zina bomba," Audax alisema. "Maji hapo hapo."

"Bomba halina soga. Kisimani mtu anateka maji na habari."

"Na madirisha makubwa. Hewa tupu."

"Ili na mwizi apate hewa?"

Felicitas, ambaye alikuwa akipepeta mchele, aliangua kicheko hadi pumba zikamwagikia miguuni. Audax akatikisa kichwa, akafunga mguu wa suruali kwa kamba usiingie kwenye mnyororo, akapanda baiskeli yake akaenda zake kazini.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka siku vilipokuja vigingi.

Hapa lazima nyumba ielezwe ilivyokaa. Ilikuwa nyumba kubwa ya udongo na makuti, ya vyumba sita, ukumbi umepita katikati kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa uani. Mbele ilitazama njia ya zamani ya kwenda sokoni. Nyuma palikuwa na ua wa makuti, na ndani ya ua jiko, kamba za kuanikia nguo, na choo. Nyuma ya ua palikuwa na uwanja mtupu wa majani, na ng'ambo ya uwanja huo ilisimama nyumba ya Mwanabaraka, wifi yake Mwamvita, dada mkubwa wa mumewe. Nyumba ya Mwanabaraka ilitazama uwanja. Kwa maneno mengine, miaka yote ishirini tangu nyumba ya Mwamvita ijengwe, Mwanabaraka alipofungua mlango wake asubuhi, kitu cha kwanza alichokiona duniani kilikuwa ukuta wa choo cha Mwamvita.

Wifi hao hawakugombana. Walisalimiana vizuri, walizikana, walipelekeana sahani za futari mwezi wa Ramadhani, lakini sahani zenyewe zilikwenda na kurudi kimya kimya. Mwamvita alikwisha kuzoea. Wifi ni wifi, alisema, hata akiwa wa asali.

Vigingi basi vililetwa na Albano, mnyapara wa Kingoni mwenye kofia ya kaki, pamoja na vibarua wake. Walivipigilia katikati ya ule uwanja mtupu, vimepakwa chokaa, vimenyooka kama meno. Mwamvita alitoka uani na mwiko mkononi.

"Mwanangu, mnazika nini hapa?"

"Shikamoo, mama. Hatuziki. Barabara inapita hapa. Kubwa, ya kutoka Chang'ombe mpaka kwenye kota. Motokaa mbili zitapishana bila kugusana."

"Hapa? Nyuma ya choo changu?"

Albano alitazama choo, akatazama vigingi, akaona kwamba ni kweli. "Ramani ndiyo iliyosema, mama," akajibu kwa upole.

Mwamvita alirudi ndani kichwa kinamwaka moto. Barabara aliitaka. Tangu zilipoanza habari za kota alikuwa amekwisha kuiona moyoni mwake: magari yanapita mbele, abiria wanashuka, wananunua vitumbua, wanauliza, nyumba hii nzuri ni ya nani? Sasa barabara imekuja, nayo imechagua kumwingilia kwa mlango wa nyuma. Mabwana wakubwa na wake zao watapita na motokaa wakitazama nguo zake kambani na kusoma nani anaingia chooni na nani anatoka. Na Mwanabaraka, ambaye hakuwahi kutamka neno moja juu ya maendeleo, ndiye atakayekaa barazani kwake kama malkia.

Mwanabaraka naye hakulaza damu. Siku ya tatu alikwisha kununua mabenchi mawili ya mbao. Alisema atafungua mkahawa wa chai.

Wa kushauriana naye hakuwapo. Nassibu, mume wa Mwamvita, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule Oysterbay, na joto lilipozidi Mzungu alipanda Lushoto kupunga upepo, akamchukua na mpishi wake. Alikuwa harudi karibuni. Kwa hiyo Bwana Shauri wa serikali alipoitisha mkutano kwenye banda la soko ili wananchi waelezwe habari za barabara, Mwamvita alijifunga kanga mpya akaenda mwenyewe. Felicitas alimsindikiza. Audax naye alikuja, maana ilikuwa siku ya mapumziko, akaketi mbali kidogo nao.

Bwana Shauri alikuwa Mwingereza mrefu, kaptura yake imepigwa pasi hata ingeweza kusimama peke yake. Alitundika ramani ukutani, akaeleza kwa Kiswahili cha kitabuni kwamba mji unakua, barabara mpya italeta faida, na watu wa Temeke ni watu wenye bahati. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Wazee wakakohoa. Mwanabaraka, aliyekaa mstari wa mbele, akasema barabara ipite pale pale ilipowekewa vigingi, ndipo penye baraka. Bwana Shauri akatabasamu.

Mwamvita akasimama.

"Bwana Mkubwa, mie sipingi barabara. Barabara naitaka kuliko watu wote hapa. Neno langu ni moja. Ipo njia ya zamani, inapita mbele ya nyumba yangu, watu wote wanaijua na miguu yao inaijua. Ipanueni hiyo. Barabara ije mbele kama mgeni mwenye adabu, ipige hodi. Isije nyuma kama kibaka. Hebu nikuulize, Bwana Mkubwa: mgeni akija kwako huko Uzunguni, unampokea chooni?"

Soko zima lilipasuka kwa kicheko. Muuza dagaa mmoja aliketi chini kabisa. Bwana Shauri masikio yalimwiva akawa kama nyanya, lakini alikuwa mtu muungwana. Akachukua kalamu, akaandika kitu pembeni mwa ramani.

"Mama," akasema, "maneno yako nimeyasikia."

Njiani kurudi Felicitas alimshika mkono. "Mama, amesikia! Umeshinda."

"Mwanangu, kusikia si kazi," Mwamvita alisema. "Hata mbuzi anasikia."

Na kweli, wiki haikupita, vibarua wa Albano wakaanza kufyeka majani ya uwanja. Panga zilikuwa zinalia nyuma ya ua tangu asubuhi. Mwamvita aliketi jikoni akizisikiliza, kitumbua kikaungua, cha pili kikaungua, na kabla cha tatu hakijaungua alikwisha kupata shauri. Alilitoa mchana Audax alipokuja kula.

"Karani, ukumbi wangu una milango mingapi?"

"Miwili. Wa mbele na wa nyuma."

"Na nani kasema huu ni wa mbele na ule ni wa nyuma?"

Audax alifikiri. "Baraza, nadhani. Na choo."

"Basi. Barabara haitaki kuja mbele. Nami hiyo mbele naipeleka ikaifuate barabara."

"Mama, unataka kugeuza nyumba?"

"Nyumba haigeuki. Nageuza choo."

Audax aliacha kijiko. Alikuwa na sababu nyingi za kukataa, lakini katika moyo wake wa kupenda mambo yaliyonyooka aliona kwamba jambo hili, kwa namna yake, lilikuwa limenyooka kabisa. Alimaliza wali wake, akaomba kamba ya kupimia.

Ilikuwa kazi. Ua wa nyuma ukang'olewa. Choo cha zamani kikabomolewa, shimo likafukiwa na kushindiliwa. Mafundi wakaongeza boriti na kushusha paa upande ule, wakainua baraza jipya la udongo, refu, pana, lenye kingo. Kule palipokuwa mbele, kando ya njia ya zamani, likachimbwa shimo jipya la choo, baraza la zamani likazungushiwa makuti likawa jiko, na ua mpya ukasimama mpaka ukingoni mwa njia. Wapita njia waliozoea kununua vitumbua walikuta makuti matupu, wakasimama wakishangaa kama kuku aliyehamishiwa banda.

Siku ya kukandika Mwamvita alialika wanawake wa mtaa. Alipika ubwabwa wa nazi na samaki wa kupaka, na wanawake walikuja na kanga zao kuukuu, wakakanyaga udongo kwa miguu wakiimba wimbo walioutunga papo hapo:

*Nyumba geuka, geuka nyumba,*
*Mgeni yuaja, wampa kisogo!*

Felicitas, ambaye kwao hakuwahi kukandika nyumba namna hiyo, alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi na alisema hajapata kufurahi hivyo tangu harusi yake. Adhuhuri, wakati kelele zimepamba moto, Mwanabaraka alionekana akivuka uwanja. Alikuwa na debe la maji kichwani. Alilitua karibu na udongo, akasimama kidogo kutazama nyumba inavyokandikwa, akarudi kwake. Mwamvita alimsindikiza kwa macho.

"Kaja kupeleleza," akawaambia wenzake.

Kazi ilipokwisha, ukuta ukapigwa chokaa, mlango wa zamani wa uani ukapakwa rangi ya kijani. Mwamvita aliketi kwenye baraza lake jipya akitazama mbele. Barabara bado ilikuwa majani yaliyofyekwa na vigingi, lakini aliweza kuiona. Mbele yake pia, moja kwa moja, palikuwa na baraza la Mwanabaraka, na Mwanabaraka mwenyewe ameketi kwenye benchi lake jipya. Wote wawili wakawa hawana pa kuyapeleka macho. Mwamvita akainua mkono kidogo. Mwanabaraka naye akainua wake.

Nassibu alirudi kutoka Lushoto alasiri moja, kikapu cha kabichi na matunda damu begani, amechoka kwa safari ya lori. Alikuja kwa njia ya zamani, kama alivyokuja maisha yake yote, huku akifikiria chai. Akafika nyumbani. Nyumbani hapakuwapo. Palikuwa na ukuta wa makuti mabichi na mlango mdogo wa bati. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akautazama mnazi wa jirani, akauona ndio ule ule. Paa lilikuwa lile lile. Akasogea mlango wa bati, akabisha.

"Hodi!"

Akabisha tena.

"Hodi hodi! Wenyewe mpo?"

Ndani ya mlango wa bati mtu alikohoa. "Ngoja kidogo," ilisema sauti ya Audax, kwa taabu kidogo. "Pana mtu."

"Najua pana mtu, ndiyo maana nabisha. Mie Nassibu! Fungua mlango nimechoka!"

"Shikamoo, mzee! Karibu! Lakini... siwezi kukufungulia huu. Zunguka, mzee. Zunguka kwa mbele!"

"Hapa ndipo mbele!"

"Hapana, mzee. Hapa ni chooni."

Nassibu akazunguka. Alipotokeza upande wa pili akaona baraza jeupe, mlango wa kijani, na mkewe ameketi na sinia la vitumbua, amevaa kama siku ya Idi. Alitua kikapu.

"Mama Hija," akasema, kwa jina la binti yao aliyeolewa Bagamoyo, "nimekuacha na nyumba moja. Hii nyingine umeipata wapi?"

"Ndiyo hiyo hiyo, baba Hija. Imegeuka tu. Karibu ukae, nikuletee chai."

Nassibu alikuwa mtu wa pole. Kuwapikia Wazungu kulikuwa kumemfundisha kwamba vitu vya ajabu havina haja ya kuulizwa vyote kwa siku moja. Alikaa. Alilijaribu baraza kwa kiganja, akalikuta limeshindiliwa sawasawa. Alipokunywa chai aliinua macho, akamwona dada yake ng'ambo ya uwanja, naye dada yake akamwita kwa sauti, "Nassibu! Umefika salama?" bila kuinuka alipokaa, na Nassibu akajibu bila kuinuka alipokaa. Miaka yote hawakuwahi kusalimiana hivyo, kila mtu kakaa barazani kwake. Akamwomba mkewe chai nyingine.

Siku chache baadaye Mwamvita alikuwa kwenye lile jiko jipya, lililokuwa baraza la zamani, aliposikia nyundo. Si nyuma. Yaani, kwa sasa, si mbele, kule uwanjani. Ilikuwa upande huu huu wa jiko, njia ya zamani. Akachungulia juu ya makuti. Albano alikuwa amepiga goti kando ya njia, anapigilia kigingi chenye chokaa.

"Albano! Mwanangu, umepotea?"

"Sijapotea, mama. Amri imebadilika. Barabara haipiti tena kule uwanjani. Tunaipanua njia hii ya zamani." Akasimama, akavua kofia, uso umejaa furaha ya mtu anayeleta habari njema. "Kama ulivyosema sokoni, mama! Inakuja mbele ya nyumba yako." Kisha akaona makuti, mlango wa bati na moshi wa jiko, furaha ikamtoka taratibu. "Hapa... hapa si ndipo palipokuwa mbele?"

Mwamvita aliyaachia makuti. Alikaa kwenye kinu.

Kwa nini barabara ilihamishwa, hakuna aliyepata kujua hakika. Albano alisema katapila lilizama kwenye matope kule mwisho wa uwanja likashindwa kutoka. Audax alisikia kazini kwamba mwenye ramani amekwenda likizo Ulaya, na aliyekuja badala yake hakubali kulalia shuka alilotandika mwenziwe. Wanawake wa kisimani walisema ni maneno ya Mwamvita, yamemwingia Bwana Shauri hata usingizi akakosa. Mwamvita mwenyewe, ambaye siku zote alikuwa na maoni, siku hiyo alikosa hata moja. Alitoka jikoni, akapita ukumbi, akaenda kukaa kwenye baraza lake jipya linalotazama uwanja mtupu.

Mwanabaraka alikwisha kupata habari. Mwamvita alimwona akivuka uwanja, akajiandaa. Atakuja kucheka, alijiambia. Na mie ningekuwa yeye ningecheka. Lakini Mwanabaraka alipofika alikaa kando yake, akatoa ushungi kichwani akajipepea nao.

"Mabenchi mawili, wifi," akasema. "Mbao ya mvule. Sasa chai nitamuuzia nani, mapanzi?"

Mwamvita alimtazama. Kisha kicheko kikaanza kumpanda tumboni, akajaribu kukizuia, kikamshinda. Mwanabaraka naye akaanza. Walicheka mpaka machozi yakawatoka, mmoja amemshika mwenzake begani asianguke barazani, na Felicitas akatoka mbio ndani akidhani kuna msiba.

Walipotulia, Mwanabaraka alijifuta uso.

"Utalibomoa?" akauliza, akipapasa ukingo wa baraza.

"Nitafanyaje? Choo kiko barabarani sasa. Lazima nigeuze tena."

Mwanabaraka aliendelea kupapasa ukingo. Aliposema, hakumtazama. "Ndugu yangu alipojenga nyumba hii, mie nilikuwa nimekwisha kujenga yangu. Nikawa nangoja nione ataielekeza wapi. Akanielekezea choo. Nikasema, haya, ndiyo amri ya bibi harusi. Nimekitazama choo hicho miaka ishirini, wifi, sikusema neno. Siku ile ulipoanza kubomoa ua, nikakuona unainua baraza huku kwangu, nikajua ni kwa ajili ya barabara. Sikuwa mjinga. Lakini nikasema hata kama ni kwa ajili ya barabara, mie nitapata kuona uso. Ndipo nikaleta maji."

Maneno hayo yalimkaa Mwamvita kifuani. Hakuwa ameamuru nyumba ielekee kokote. Alipoolewa aliikuta kuta zimesimama, na Nassibu aliifuata njia tu, kama watu wote walivyojenga. Angeweza kumwambia. Lakini aliwaza jinsi alivyosimama mbele ya soko zima akilia kwamba wapita njia wataona choo chake, watu asiowajua, wanaopita mara moja na motokaa. Na huyu hapa, mtu wa nyumbani, amekiona kila asubuhi, akanyamaza. Aliona haya mpaka miguuni.

"Wifi," akasema, "baraza hili halibomolewi."

"Na choo?"

"Choo tutakitafutia pa kwenda. Mji huu mkubwa."

Nassibu ndiye aliyetoa shauri. Alilitoa jioni, akimenya kabichi zake za Lushoto, maana hata nyumbani hakuweza kuona mboga akaiacha. "Mchuzi ukizidi chumvi humwagi," alisema. "Unaongeza maji. Nyumba hii imepata mbele huku, na barabara inataka mbele kule. Basi na iwe na mbele mbili. Choo na jiko viende ubavuni, upande wa kile chumba cha karani."

"Dirishani kwangu, mzee?" Audax alishtuka.

"Wewe si unakwenda kwenye kota?"

Na kweli, jina la Audax lilitoka mwezi ule. Mwamvita na Mwanabaraka waliwasaidia kuhama, wamejitwisha vyungu na magodoro, na Mwamvita aliikagua kota chumba kwa chumba. Alifungua bomba, akalifunga, akalifungua tena. Alikubali kwamba saruji ni baridi miguuni na kwamba bati halina panya. Alipokuwa anaondoka alimwambia Felicitas pembeni, "Mwanangu, nyumba nzuri. Lakini ukichoka kutazama ukuta, unajua pa kuja."

Felicitas alichoka siku ya pili.

Nyumba ikatengenezwa tena, na mafundi wakaanza kumwamkia Mwamvita kwa heshima kubwa, kama mtu anayewalisha. Barabara nayo ikamalizika kabla ya masika. Siku ya kufunguliwa wakaja mabwana kwa motokaa, na Bwana Shauri wa sokoni alikuwamo. Albano alisimama kando ya njia na kofia mpya. Bwana Shauri alipofika mbele ya nyumba ya Mwamvita alimkumbuka, akapunguza mwendo, akainua mkono ili amsalimu yule mama aliyetaka barabara ipige hodi.

Barazani alikuwako Nassibu peke yake. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, na vumbi jekundu la magari yote ya tangu asubuhi limemtanda kuanzia kofia hadi vidole vya miguu, hata akafanana na baraza lenyewe.

Upande wa pili, kwenye uwanja mtupu ambao hakuna gari lililofika wala vumbi, mabenchi mawili ya mvule yalikuwa yamevushwa na kupangwa chini ya paa la Mwamvita. Mwanabaraka alikuwa anamimina chai. Wanawake wa kisimani walikuwapo, na Felicitas alikuwa amekuja tangu asubuhi, ameketi katikati ya wifi wawili. Mwamvita, mguu mmoja ameukunja, sinia kando, alikuwa anawaeleza makosa yote ya barabara mpya, moja baada ya jingine, na alikuwa bado hajafika hata nusu.